Nta Haizuii Umande: Faida ya Kweli ya Kupaka Gari Nta Huku Mpakani

Mtu apitaye Busia au Malaba kabla ya jua kuchomoza huyaona malori yamepanga mstari kando ya barabara, turubai zimefungwa, madereva wamelala ndani ya kebini, na kila boneti limeloa maji kana kwamba mvua ilinyesha usiku kucha. Lakini ardhi ni kavu. Maji hayo ni umande. Madereva na matanboi wetu wameuzoea hata hawautazami tena. Huamka, hufuta kioo kwa mkono wa shati, na safari ikaendelea.

Hatari imo katika mazoea hayo. Malori mengi yapitayo njia hii hubeba saruji na klinka. Tororo ni mji wa saruji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na vumbi la mifuko hukaa juu ya kebini, juu ya milango na ndani ya kila mfereji wa bati. Vumbi kavu halidhuru sana. Vumbi lililonyweshwa umande ni jambo jingine kabisa, kwa maana saruji haichagui pa kushikia: ikipata maji hushika juu ya rangi kama inavyoshika juu ya ukuta. Baada ya siku chache mwenye gari huona rangi imepauka na kutoboka, naye humwita dereva na kumwambia, "Umeniharibia gari, nitakukata mshahara."

Hapo ndipo maneno ya nta huanza. Muuzaji husema kwamba ukipaka nta yake umande hautashika tena. Tajiri husema kwamba dereva angepaka nta hasara isingetokea. Dereva naye hajui amjibu nani. Tumeona yafaa kulieleza jambo hili toka mwanzo hadi mwisho, ili mfanyakazi ajue nta inaweza nini na haiwezi nini, asidanganywe dukani wala asionewe ofisini.

UMANDE HUTOKA WAPI?

Watu husema umande huanguka. Kwa kweli hauanguki kutoka popote. Hewa ina maji ndani yake, maji yasiyoonekana, na huku kwetu ni mengi kwa sababu ya mvua za misimu miwili, mabonde yenye majimaji, na Ziwa Victoria ambalo haliko mbali. Hewa yenye joto hubeba maji mengi. Ikipoa, uwezo wake hupungua, na yale yaliyozidi hushika juu ya kitu chochote kilicho baridi. Ni jambo lile lile la chupa ya soda iliyotolewa katika friji: hutoka jasho nje ingawa haikuvuja.

Usiku, bati la gari hupoa kuliko hewa yenyewe, kwa kuwa hupoteza joto lake kwenda juu angani. Kukiwa na mawingu, mawingu hayo hurudisha sehemu ya joto, kama blanketi. Anga likiwa wazi na nyota zimejaa, joto huenda zake moja kwa moja. Ndiyo sababu paa na boneti, vinavyotazama juu, huloa kuliko milango. Na ndiyo sababu gari lililolala chini ya mwembe au ndani ya banda huweza kuamka kavu, hali jirani yake aliyelala uwanjani amelowa chapachapa.

Sasa tuulize, nta hubadili nini katika mambo hayo? Tabaka la nta juu ya rangi ni jembamba mno, halifiki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Haliwezi kulitunzia bati joto lake, wala haliwezi kuifanya hewa iwe na maji machache. Kwa hiyo gari lenye nta na gari lisilo na nta, yakilala pamoja mahali pa wazi, yataamka yote mawili yamelowa. Anayekuambia kwamba nta yake hufukuza umande anakuuzia maneno.

KAMA HAIZUII UMANDE, INAFANYA NINI?

Asiyejua kazi ya nta na atazame jani la nduma mvua ikinyesha. Maji hayalilowi jani hilo. Hujikunja yakawa matone ya mviringo, yakayumbayumba, kisha yakateremka. Wenzetu wa mashamba ya miwa ya Busia na Mumias wanao mfano mwingine karibu zaidi. Ule unga mweupe ulio kwenye muwa karibu na pingili, unaobaki mkononi mkataji anapoushika, ni nta. Mmea umejitengenezea kinga yake wenyewe, ili maji ya nje yasikae juu yake na maji ya ndani yasitoke ovyo jua linapowaka.

Rangi ya gari ikiwa mpya nayo huyakataa maji. Lakini jua letu la ikweta huila rangi. Hupauka, ikapata vitundu na nyufa ndogo ndogo ambazo jicho halizioni. Maji yakifika juu ya rangi kama hiyo hayajikunji. Hujitandaza na kupenya. Na pale penye mkwaruzo uliofika kwenye chuma, maji na hewa vikikutana na chuma, kutu huzaliwa. Kutu haina haraka. Bandu bandu huisha gogo.

Nta huvijaza vitundu hivyo kwa muda, na huyafanya maji yajikusanye badala ya kujitandaza. Tone likikua juu ya mahali palipoinama huteremka lenyewe, na gari likianza mwendo upepo huyasukuma yaliyobaki. Hiyo ndiyo faida ya kwanza.

Lakini tusidanganyane. Juu ya paa lililo tambarare, matone madogo ya umande hayana uzito wa kuteremka. Hukaa pale pale mpaka jua liyakaushe, na tone lililojikunja hukawia kukauka kuliko maji yaliyojitandaza. Likikauka huacha duara la uchafu. Kwa hiyo gari lililopakwa nta na kuachwa bila kufutwa asubuhi laweza kupata madoadoa mengi hata kuliko gari lisilo na nta. Nta haikuondolei kazi ya kitambaa. Huifanya kazi hiyo iwe nyepesi, kwa sababu uchafu haukushika mizizi.

UMANDE NA SARUJI

Umande wenyewe karibu ni maji matupu. Ubaya wake ni kile unachokikuta juu ya bati. Ukikuta vumbi la barabarani, hugeuka tope jepesi. Ukikuta masizi ya moshi wa dizeli, huyabandika. Lakini ukikuta saruji, yanatokea mambo mawili kwa pamoja.

La kwanza, saruji ikilowa hutoa chokaa kali, na ukali huo huishambulia rangi, ukaifanya ipoteze mng'ao na ilainike juu. La pili, saruji huanza kugeuka jiwe. Asubuhi ya kwanza huondoka kwa maji. Ikiachwa ikauke juani, ikalowa tena usiku wa pili, ikakauka tena, huwa ganda linaloshikamana na rangi, na anayelibandua hubandua na rangi yake.

Hapa ndipo nta inapofanya kazi ya maana hasa. Saruji inayolowa juu ya nta huishambulia nta kwanza kabla ya kuifikia rangi, na ganda likianza kujifanya halipati mahali pazuri pa kushika. Lakini kinga hiyo ni ya muda. Ukali wa saruji huila nta nayo. Inachompa dereva ni nafasi: nafasi ya kufika kituoni, kupata maji na kuosha kabla mambo hayajaharibika. Asiyeitumia nafasi hiyo amepoteza nta yake bure.

Namna ya kuosha nayo ina utaratibu wake. Vumbi la saruji lisifutwe likiwa kavu, wala lisisuguliwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, maana chembe zake hukwaruza kama msasa. Kwanza mwaga maji mengi kutoka juu kuelekea chini mpaka yanayotoka yawe safi. Kisha ndipo utumie sabuni na kitambaa laini, na umalizie kwa maji tena. Doa jepesi lililokwisha shika huweza kulainishwa kwa siki iliyochanganywa na maji mengi, ikiachwa kidogo kisha ikasuuzwa vizuri. Mtu asishawishike kutumia asidi ya betri au asidi nyingine kali. Itaondoa saruji, na rangi, na ngozi ya mkono wake.

Na kwa kuwa tumetaja ngozi, hapana budi tuseme jambo ambalo ni kubwa kuliko rangi ya gari lolote. Kile kinachounguza rangi ndicho kinachounguza mikono ya anayeosha. Saruji iliyolowa huchoma ngozi polepole, mara nyingi bila maumivu mwanzoni, na mtu hushtukia jioni vidole vimechubuka. Tena saruji nyingi huwa na chembe za kromiamu, na ambaye mwili wake umekwisha kuikataa huwashwa na kupasuka ngozi kila akiigusa, pengine kwa maisha yake yote ya kazi. Aoshaye gari la saruji avae glavu za mpira na mabuti. Saruji ikiingia jichoni, jicho lisisuguliwe. Lisuuzwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 hivi, na mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

JE, WALIOKO SEHEMU ZA BARIDI?

Busia na Tororo ziko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na usiku wetu wa baridi kabisa bado uko mbali na kugandisha maji. Lakini watu wa mpakani wametawanyika kutafuta kazi. Wako wana wa Busia wanaochuma chai Kericho na Nandi. Na dereva atokaye Mombasa au Nairobi kuja Malaba hupanda Timboroa, mahali palipo juu ya mita 2,700, na pengine hulala huko. Kwa hao umande una ndugu yake mkali, yaani jalidi, ambayo wengine huiita sakitu.

Jalidi huja kwa njia ile ile ya umande: anga wazi, hewa tulivu, vitu vikipoteza joto kwenda juu. Tofauti ni kwamba bati au jani limepoa kupita kiwango cha maji kuganda, hata unyevu ukageuka barafu nyeupe. Jambo la kushangaza ni kwamba hewa yenyewe yaweza kuwa bado nyuzi mbili au tatu juu ya sifuri, na paa la gari likawa limekwisha kuganda. Mwezi wa Januari 2012 jalidi iliunguza chai katika sehemu za Kericho na Nandi. Wachumaji wanajua maana yake: jani likiungua hakuna la kuchuma, na asiyechuma halipwi kwa kilo.

Je, nta huzuia jalidi juu ya gari? Jibu ni lile lile. Haizuii. Lakini barafu iliyoshika juu ya nta hutoka kwa urahisi zaidi kuliko iliyoshika juu ya rangi iliyochoka. Tena maji yakiganda hutanuka kiasi cha sehemu 9 katika 100, na yale yaliyojipenyeza chini ya rangi penye mkwaruzo huinyanyua. Nta hupunguza maji ya kupenya, na kwa hiyo hupunguza madhara hayo.

Kwa kioo cha mbele, nta ya rangi isitumiwe. Vifuta mvua vitaisambaza, na taa za gari linalokuja usiku zitamfanya dereva asione njia. Gunia kavu au kipande cha katoni kikilazwa juu ya kioo jioni hufanya kazi nzuri kuliko nta yoyote, kwa kuwa kinazuia kioo kupoteza joto. Kioo kilichoganda kisimwagiwe maji ya moto, maana kitapasuka. Wala barafu isikwanguliwe kwa kisu au panga.

NAMNA YA KUPAKA

Kwanza, gari lioshwe na kukauka kabisa. Nta ikipakwa juu ya maji huyafungia ndani, na ikipakwa juu ya vumbi ni sawa na kupiga msasa.

Pili, penye kutu patengenezwe kwanza. Kutu isuguliwe mpaka chuma kionekane, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Nta si dawa ya kutu. Kuipaka juu ya kutu ni kumfunika mwizi blanketi ndani ya nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa. Nta ipakwe kidogo kidogo, tabaka jembamba, iachwe ikauke kama maelezo ya kopo yanavyosema, kisha ifutwe kwa kitambaa safi. Fulana kuukuu ya pamba inatosha. Nta nene haikingi zaidi. Huvuta vumbi tu.

Nne, nta haidumu. Jua, mvua na sabuni kali huiondoa. Kwa gari la kawaida hukaa wiki chache hadi miezi miwili au mitatu. Kwa gari la saruji ni kidogo zaidi. Hakuna haja ya kuhesabu siku. Mwaga kikombe cha maji juu ya boneti. Yakijikunja matone, nta bado ipo. Yakijitandaza kama karatasi, imekwisha.

Tano, asubuhi umande ufutwe kabla jua halijaukausha, ikiwa gari halina vumbi la saruji. Likiwa na vumbi hilo, lisifutwe bali limwagiwe maji kama tulivyoeleza.

Wako wanaopaka dizeli au mafuta ya taa ili gari ling'ae. Hung'aa saa moja tu. Baadaye mafuta hayo huvuta vumbi kama gundi na kuharibu mipira ya milango. Wako pia wanaojaribu nta ya nyuki. Nta hiyo ni nzuri, lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, na bati jeusi lililoegeshwa juani huku kwetu laweza kukaribia joto hilo au hata kulipita. Italainika na kushika vumbi.

Haya hayawahusu wenye malori peke yao. Ni Busia hapa hapa ambako baiskeli za kuvusha watu na mizigo baina ya vituo viwili vya mpaka zilianza katika miaka ya 1960, na sauti za wapigao debe, "boda, boda," zikawa jina la kazi hiyo Afrika Mashariki nzima. Leo wengi wana pikipiki, na nyingi zimechukuliwa kwa mkopo. Pikipiki hulala nje, hunyeshewa, hupita katika vumbi. Siku mwenyewe akitaka kuiuza, mnunuzi hutazama tangi na madigadi kwanza. Kopo moja la nta likinunuliwa na watu kumi wa steji moja huwatosha kwa muda mrefu, na gharama ya kila mmoja huwa ndogo. Lakini nta isipakwe kwenye breki, tairi wala kiti. Kwenye breki na tairi ni ajali, na kwenye kiti abiria atateleza.

NTA HUTOKA WAPI, NA NANI HUIVUNA?

Tumezoea kutazama kopo na bei yake. Tutazame pia mikono iliyolitangulia. Nta iliyo ngumu kuliko nyingine za mimea, na inayosifiwa sana na watengenezaji wa nta za magari, hutoka kwenye mti wa jamii ya mitende uitwao karnauba. Mti huu huota kaskazini mashariki mwa Brazil, katika majimbo ya Piauí, Ceará na Rio Grande do Norte. Ni nchi yenye kiangazi kirefu, nao mti hujifunika nta kwenye majani ili usikauke. Nta hiyo huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 hivi, na ndiyo sababu hulistahimili jua kuliko nta ya nyuki.

Kuivuna ni kazi ngumu. Mfanyakazi hushika mti mrefu wenye kisu chenye ncha ya kupinda, akayakata majani yaliyo juu sana huku yakimwangukia. Majani huanikwa juani, kisha hupigwa au kupitishwa katika mashine mpaka unga wa nta utoke, na unga huyeyushwa. Kwa miaka mingi wakaguzi wa kazi wa serikali ya Brazil wamekuwa wakiwatoa katika mashamba hayo watu waliokutwa katika hali ambayo sheria ya nchi hiyo huihesabu kuwa sawa na utumwa: wanalala nje au ndani ya malori, hawana vyoo, wanakunywa maji ya mto. Mwaka 2017 televisheni ya Ujerumani iliyaonyesha mambo hayo, na watu wa Ulaya wakashangaa kujua kwamba nta hiyo hiyo hung'arisha peremende za watoto wao.

Mkata miwa wa Busia na mkata karnauba wa Piauí hawajaonana, lakini wanajuana kazi. Wote wawili hupiga panga na kisu juani ili kitu kitamu au chenye kung'aa kifike mezani na barabarani kwa watu wengine. Tukilishika kopo la nta, tukumbuke kwamba limebeba jasho la mtu aliyestahili maji safi na mahali pa kulala.

HASARA NI YA NANI?

Turudi sasa kwa yule dereva aliyeitwa ofisini. Gari limelala mpakani siku mbili au tatu. Si yeye aliyeweka msururu. Kituo cha pamoja cha Busia kilichofunguliwa rasmi Februari 2018 kilikusudiwa kupunguza kungoja, lakini mambo hayategemei kituo peke yake. Januari 2022, wakati Uganda ilipotaka kila dereva apimwe korona kabla ya kuingia, msururu wa malori upande wa Kenya ulifika makumi ya kilomita, na watu walilala barabarani siku kadhaa. Hakuna nta ambayo ingeyalinda magari hayo kwa muda wote huo, na hakukuwa na maji ya kuyaosha.

Kwa wale walioajiriwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inampa mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa ajili ya mali iliyoharibika, lakini kwa kiasi kinachofaa, na pale tu uharibifu ulipotokana na kosa alilolifanya mfanyakazi kwa kukusudia. Hata hivyo makato yote kwa jumla hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Umande haukusudiwi na mtu. Vumbi la mzigo alioutuma tajiri mwenyewe si kosa la aliyeubeba. Kwa hiyo anayekatwa mshahara kwa madoa ya saruji na umande ana haki ya kuuliza: kosa langu la kukusudia ni lipi?

Kwa walioajiriwa Uganda, wanayo Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Wasitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali kukatwa kabla ya kuionyesha kwa mwakilishi wa chama.

Haki bila ushahidi ni ngumu kuitetea. Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila dereva aandike katika kitabu cha safari: tarehe, mzigo, mahali gari lilipolala, saa ya kufika na ya kuondoka, na kama palikuwa na maji ya kuoshea. Mkwaruzo uliokuwapo kabla ya safari uandikwe na kuonyeshwa kwa mkuu wa yadi kabla ya kuondoka. Ni mistari mitatu tu, na huenda ikaokoa mshahara wa mwezi.

Tena wawakilishi wetu wanapokaa mezani kujadili mkataba wa pamoja, jambo hili lisidharauliwe kwa kuonekana dogo. Gari ni la tajiri, basi nta ya gari ni juu ya tajiri, na sabuni, na maji, na muda wa kuosha uhesabiwe kuwa muda wa kazi. Glavu na mabuti hata si jambo la kuomba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007, na ile ya Uganda ya mwaka 2006, zinamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga kwa wanaofanya kazi yenye madhara. Ikiwa kuna fedha ya kununua nta ya kukinga boneti, isikosekane fedha ya kununua glavu za kukinga mkono unaoipaka.

Basi tuseme kwa ufupi. Umande utakuja kila usiku wenye nyota. Nta haitauzuia, bali itampa nafasi anayejua kuitumia. Aliye na gari la saruji amwage maji kabla ya kufuta, avae glavu, aandike katika kitabu chake, na akiitwa ofisini asiende peke yake.